Shajara ya mradi: mizabibu, mtama na chakula cha kaya wilayani Chamwino

Machi, Dodoma mjini

Pendekezo la utafiti limepita na swali limebaki moja: je, kaya za Chamwino zinazolima zabibu zina uhakika wa chakula kuliko zile zinazotegemea mtama, uwele na karanga? Shajara hii naiandika kwa ajili ya wadadisi wetu, na kwa wanafunzi wa vyuo vya hapa Dodoma wanaojiandaa kuingia uwandani. Istilahi za mbinu za utafiti wengi wanazikariri kwa ajili ya mtihani. Ukishafika mlangoni kwa mtu ndipo unaona kwamba kila istilahi ni uamuzi, na kila uamuzi unabadilisha jibu utakalorudi nalo.

Kigeu ni jambo lolote linaloweza kutofautiana kati ya kaya na kaya: ekari, idadi ya watoto, umbali wa kwenda kisimani. Kile tunachodhani kinasababisha ni kigeu huru. Kwetu sisi, kulima zabibu. Kile tunachodhani kinaathirika ni kigeu tegemezi. Kwetu, uhakika wa chakula. Nadharia tete inaviunganisha hivyo viwili kwa namna ambayo data inaweza kuikataa. "Zabibu ni muhimu kwa maendeleo ya wananchi" si nadharia tete, maana hakuna takwimu utakayoleta ikaikanusha. "Katika miezi ya njaa, kaya zinazolima zabibu hukosa chakula mara chache kuliko zisizolima" inaweza kuanguka, na kwa sababu hiyo inafaa kupimwa.

Tulikokaa sana mwezi huu ni kwenye mwelekeo wa usababishi. Mzabibu unataka nguzo, waya, samadi, dawa ya ukungu na maji, na mwaka wa kwanza haukupi fedha ya maana. Ni nani anayethubutu kuupanda? Mara nyingi ni yule ambaye ghala lake tayari lina mtama. Kwa hiyo tukikuta wakulima wa zabibu wanakula vizuri, huenda zabibu zimeleta chakula, na huenda chakula ndicho kilichomwezesha mtu kupanda zabibu. Huenda pia vyote viwili vimeletwa na jambo la tatu: mtoto mwenye ajira anayetuma fedha kwa simu, shamba lililo karibu na maji, au nafasi katika shamba la umwagiliaji kama lile la Chinangali. Jambo la tatu la namna hii kwenye timu tunaliita kigeu vurugaji. Usipolipima, uwiano unaouona kati ya mambo mawili utaunadi kama sababu na matokeo.

Njia ya uhakika ingekuwa jaribio: kuchagua kwa nasibu nani apewe miche na nani asipewe, kisha kusubiri miaka. Hatuna fedha hizo wala muda huo. Tulichoamua ni mambo mawili. Kwanza, dodoso linauliza mzabibu wa kwanza ulipandwa mwaka gani na kaya ilikuwa na nini wakati huo: mifugo, ekari, ajira. Pili, kaya zilezile zitatembelewa tena msimu mwingine. Utafiti wa wakati mmoja unatoa picha ya siku hiyo tu. Wa kufuatilia unaonyesha nini kilitangulia nini.

Aprili, vibali

Hapa sina mengi. Barua ya chuo inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka wilayani, halmashauri, kwa mtendaji wa kata, kisha kwa mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wake. Mtafiti anayetoka nje ya nchi anahitaji pia kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Beba nakala nyingi zenye mihuri na uwe mpole.

Jambo moja tu nalisisitiza. Kibali cha ofisi si ridhaa ya mtu. Mwenyekiti mmoja alitupokea kwa moyo mkunjufu akasema, "Msiwe na wasiwasi, nimeshawaambia wote watajibu." Tulimshukuru, tukamweleza kwa heshima kwamba kila mama na kila mzee ataulizwa mwenyewe, na akikataa hatalazimishwa na jina lake halitapelekwa ofisini. Mtu anayejibu kwa sababu ameamriwa atakupa jibu la kukuondoa hapo kwake. Ridhaa ni suala la maadili kwanza, lakini ni suala la ubora wa data pia.

Aprili mwishoni, sampuli

Karibu kila tasnifu unayoifungua ina kanuni ya Taro Yamane ya 1967: idadi ya sampuli ni N ikigawanywa kwa 1 kujumlisha N mara e mraba, ambapo N ni idadi ya kaya zote na e ni kosa unalovumilia. Kijiji kikiwa na kaya 1,200 na ukavumilia kosa la asilimia 5, unagawa 1,200 kwa 4, unapata 300. Hesabu inapendeza, na wengi wanaishia hapo.

Kanuni ile imejengwa juu ya masharti ambayo hayaandikwi pembeni yake. Inakadiria kiwango kimoja tu, yaani ni asilimia ngapi ya jamii nzima wana sifa fulani, kwa kiwango cha kujiamini cha asilimia 95, na sampuli iwe imechaguliwa kwa nasibu sahili, kila kaya ikiwa na nafasi sawa. Sisi hatukadirii kiwango kimoja. Tunalinganisha makundi mawili, na kundi mojawapo ni dogo. Ukichukua kaya 300 kwa nasibu katika kijiji ambacho wakulima wa zabibu ni mmoja kati ya kumi, utarudi na kama 30 tu, na kwa hao 30 tofauti halisi inaweza kukuponyoka usiione. Uwezo wa utafiti kuiona tofauti iliyopo ndio unaoitwa nguvu ya kitakwimu, nao unategemea ukubwa wa kila kundi, si jumla peke yake.

Kwa hiyo tumegawa matabaka: orodha ya wakulima wa zabibu kando, ya wengine kando, na nasibu inafanyika ndani ya kila tabaka. Wakati wa uchanganuzi kila kaya itapewa uzani wake ili picha ya kijiji kizima isipotoshwe. Kuna jingine tena. Kaya za kitongoji kimoja hufanana: mvua ileile, kisima kilekile, mara nyingi ukoo uleule. Majibu ishirini ya kitongoji kimoja hayana taarifa sawa na majibu ishirini yaliyotawanyika. Ni afadhali vitongoji vingi na kaya chache kwa kila kimoja kuliko kinyume chake, hata kama nauli ya bodaboda inaongezeka. Mhasibu wa mradi alilalamika. Nilimwonyesha hesabu, akasaini.

Fremu ya sampuli, yaani orodha unayochagulia, inahitaji jicho kali zaidi ya kanuni yoyote. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma karatasi za kura ya maoni zipatazo milioni 10, zikarudi zaidi ya milioni 2, likatangaza kwamba Alf Landon atamshinda Roosevelt katika uchaguzi wa rais. Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi yalikuwa yametolewa kwenye orodha za wenye simu na wenye magari, katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, na waliojisumbua kurudisha karatasi hawakufanana na walionyamaza. Wingi wa majibu hauponyi orodha yenye kasoro.

Orodha yetu ni daftari la wakazi la kijiji. Mkoa wa Dodoma ulikuwa na watu 2,083,588 katika sensa ya 2012, na sensa ya 2022 ikakuta 3,085,625. Katika mkoa unaokua hivyo, daftari lililojazwa miaka mitatu iliyopita linawakosa waliohamia, waliojitenga na wazazi, na wajane waliorudi kwao. Na hao ndio wenye ghala jepesi. Tumepita kila kitongoji na balozi, nyumba kwa nyumba, tukaongeza wasiokuwemo na kuwaondoa waliohama. Kazi hiyo haina mvuto wowote, na katika bajeti nyingi haina hata mstari wake. Kama ningelazimika kukata kitu, ningekata maswali ya dodoso kabla ya kuigusa.

Mei, kujaribisha dodoso

Kijiji cha majaribio hakimo kwenye sampuli na sitakitaja. Tulikwenda na rasimu nzuri tu, na hapo ndipo dhana moja iliyokuwa imekaa kimya katika kila swali ilipojitokeza: kaya.

Takwimu rasmi zinaihesabu kaya kama watu wanaoishi pamoja na kula pamoja. Tuliingia kwenye boma la mzee mmoja mwenye wake wawili. Uani kulikuwa na majiko mawili na maghala mawili ya fito yaliyokandikwa udongo. Shamba la zabibu ni la mzee, linahudumiwa na mke mkubwa na wanawe. Mke mdogo ana karanga zake na kipande cha uwele. Mdadisi wetu alisalimia, "Mbukwa," akaitikiwa, akaketishwa, akauliza kaya iko na watu wangapi. Mzee akasema, "Mjukuu wangu, hapa ni kwangu, andika wote." Baadaye, jikoni, mke mdogo alimwambia, "Mimi napika kwangu. Uwele wangu ukiisha, siendi kuchota kule."

Ukiandika kaya moja, una kaya ya zabibu yenye chakula. Ukiandika mbili, una kaya moja ya zabibu yenye chakula na nyingine isiyo na zabibu yenye upungufu. Boma ni lilelile, siku ni ileile, na jibu la utafiti mzima linasogea kwa jinsi ulivyochora mstari. Hicho ndicho kinachoitwa fasili tendaji: kuigeuza dhana iliyoko kichwani kuwa kanuni ambayo wadadisi wawili tofauti wakisimama uani hapo watafikia uamuzi mmoja. Kanuni yetu sasa inasema kaya ni watu wanaokula kutoka ghala moja linaloamuliwa na mtu yuleyule. Boma zima nalo linapewa namba yake, na kila kaya iliyomo inabeba namba hiyo, ili data iweze kuchanganuliwa kwa ngazi zote mbili na msomaji aone tofauti.

Hili linagusa pia kizio cha uchanganuzi, yaani ngazi unayoizungumzia: mtu, kaya au kata. Ukikusanya taarifa za kata, sema kuhusu kata. Mwaka 1950 William Robinson alionyesha, kwa data ya sensa ya Marekani ya 1930, kwamba majimbo yenye wahamiaji wengi yalikuwa na watu wachache wasiojua kusoma na kuandika, ilhali mhamiaji mmojammoja alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kutojua kuliko mzawa. Wahamiaji walikuwa wamekwenda kukaa mahali ambako elimu ilikuwa juu. Sisi pia tungeweza kukuta kata zenye mizabibu mingi zina chakula kingi, na mwenye mzabibu awe hana habari na chakula hicho.

Kigeu tegemezi tunakipima kwa kipimo cha maswali 9 kinachoangalia wiki 4 zilizopita, kuanzia wasiwasi wa kukosa chakula hadi kushinda na kulala bila kula. Kila swali linabeba alama 0 hadi 3, hivyo jumla ni 0 hadi 27, na anayeulizwa ni yule anayeandaa chakula. Maswali yameandikwa kwa Kiswahili, yakatafsiriwa kwa Chigogo, lugha ya Wagogo wa hapa, kisha mtu mwingine ambaye hakuuona Kiswahili cha mwanzo akayarudisha, tukalinganisha. Wiki 4 ndizo zilizosumbua. Akina mama hawakumbuki kwa wiki; wanakumbuka kwa mnada. Sasa mdadisi anasema, "Mama, tangu mnada ule wa mwezi uliopita hadi leo," na jibu linakuja bila kubahatisha.

Mavuno nayo. "Ulipata magunia mangapi?" ni swali linaloonekana halina shida. Kuna gunia la kawaida na kuna lumbesa, lililoshonewa juu kwa nyongeza. Kuna debe la lita 20 na kuna sado, kopo dogo kuliko debe. Tumewapa wadadisi debe moja moja, na kila kipimo atakachotaja mkulima kinageuzwa kuwa debe palepale, mbele yake. Hapa ndipo nawafundishia vijana tofauti ya uthabiti na uhalali. Debe lililobonyea kitako litakupa jibu lilelile kila ukipima, hata upime mara mia, lina uthabiti. Lakini jibu hilo si lita 20, halina uhalali. Dodoso nalo linaweza kubonyea kitako. Linatoa majibu yanayofanana kila siku, na yanayofanana huko ni hofu ya mhojiwa au haya yake, si njaa yake.

Juni, uwandani

Mavuno yameingia. Ni wakati mbaya wa kupima njaa ukiupima peke yake, maana Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na ghala linalojaa Juni ndilo linalokwisha kabla mtama mpya haujakomaa. Duru hii ni ya msingi tu. Duru ya pili ni Februari.

Upendeleo wa majibu tumeushuhudia kwa pande zote mbili. Mdadisi akifika na kishikwambi, wengine wanadhani ni uandikishaji wa TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, au wa chakula cha msaada, na njaa inaongezeka katika majibu. Mwenyekiti akikaa karibu, njaa inapungua, maana nani atakiri mbele ya kiongozi kwamba jana watoto walilala na uji? Hatuwezi kuuondoa wote. Tunaeleza mapema kwamba hakuna orodha ya msaada, tunahojia mahali ambapo wengine hawasikii, na tunaangalia kwa macho: mdadisi anaomba kuona ghala, na ghala linaandikwa kando na jibu. Jambo moja likipimwa kwa njia zaidi ya moja, pale njia zinapopishana ndipo unapojua pa kurudi.

Maswali ya mtazamo tuliyapanga kwa ngazi tano, mtindo aliouleta Rensis Likert mwaka 1932: nakubali kabisa hadi nakataa kabisa. Wazee wengi walikubali kila sentensi, hata mbili zinazopingana. Hiyo ni adabu kwa mgeni, si msimamo. Kwa hiyo nusu ya sentensi tumezigeuza zikae kinyume, na mahali pa maneno tumeweka kokoto tano: weka nyingi kadiri unavyokubali. Mzee mmoja alizichukua mbili, akazigeuzageuza kiganjani, akarudisha moja. Jibu la aina hiyo nalithamini.

Sehemu ya kitaamuli, yaani ya maelezo badala ya namba, tunaifanya kwa majadiliano ya vikundi, wanaume peke yao, wanawake peke yao, na wake wadogo peke yao. Hapa hatutafuti asilimia, kwa hiyo kanuni ya Yamane haina kazi. Tunachagua makusudi watu wenye uzoefu tofauti, na tunaendelea hadi vikundi vipya visiongeze jambo jipya, hali ambayo Barney Glaser na Anselm Strauss mwaka 1967 waliieleza kama kufikia ukomo wa maarifa mapya. Mama mmoja alisema: "Mwanangu, zabibu zikiuzwa fedha anaishika baba yao. Mimi nikitaka chumvi nauza karanga zangu." Wenzake wakaanza kutaja bei za karanga, na mazungumzo yakageuka kuwa ya mkoba wa nani unalisha nani.

Kauli ile imeingiza kigeu kipya katika modeli: nani anashika fedha ya mauzo. Si kigeu vurugaji. Kinakaa katikati ya zabibu na chakula, njia ambayo moja inapitia kulifikia lingine, au inakwamia. Hakikuwemo kwenye pendekezo, na hojaji ya maswali funge isingekitoa hata tungefikia kaya maradufu. Wanaobishana kama namba ni bora kuliko maelezo, au maelezo kuliko namba, ningewaomba wakae kwenye kikundi kile saa moja. Swali la nani anashika fedha limeongezwa kwenye dodoso la Februari, pamoja na la nani huamua kiasi cha mtama kinachouzwa.

Julai, data

Vishikwambi vimepakuliwa. Majina yametolewa kwenye faili la data. Funguo zinazounganisha namba na majina ziko kwenye faili jingine lenye nywila, kwa mtu mmoja. Picha za maghala zilizoonyesha sura za watoto zimefutwa.

Tumeangalia kama sentensi za mtazamo zinakwenda pamoja kwa kutumia alfa ya Lee Cronbach ya 1951. Wengi huridhika ikifika 0.7. Naomba wanafunzi wakumbuke kwamba alfa hupanda pia kwa kuongeza maswali tu, na kwamba maswali yanayopatana vizuri yanaweza kuwa yote yanapima kitu kingine. Tumeiandika, lakini hatuitegemei kama ushahidi wa uhalali.

Kuna shinikizo la kutoa matokeo ya awali. Tumekataa. Nadharia tete yetu inahusu miezi ya njaa, na miezi hiyo bado. Mpango wa uchanganuzi umeandikwa na kutiwa tarehe sasa, kabla hatujaona data ya Februari: vigeu gani vitaingia, kaya itahesabiwa vipi, tofauti ya ukubwa gani tutaiona kuwa na maana kwa mlaji na si kwa kompyuta tu. Tusipoiona, tutaandika kwamba data haikutosha kuikataa nadharia tete kapa, yaani dai kwamba makundi mawili hayatofautiani, na hilo ni tofauti na kusema zabibu hazisaidii.

Yaliyobaki kabla ya duru ya pili: kufuatilia kaya zilizohama, maana zikipotea zile zilizoshindwa maisha tutabaki na zilizosimama tu, kuwapa wadadisi wapya mafunzo ya fasili ya kaya mbele ya boma halisi, na kurudi kwa akina mama wa vikundi kuwasomea tulichoandika kutokana na maneno yao, watuambie kama ndicho walichokisema.